Kebo ya Mwanga ya Kinama

Siku mliponiaga, mmoja wenu aliniuliza, keki ikiwa bado mdomoni mwangu, ni kebo gani ya mwanga inayodumu kuliko nyingine. Nilimwambia nitaandika. Wengine mlicheka, mkadhani ndiyo namna ya bibi mstaafu kukwepa swali. Sikulikwepa. Kebo ya aina hiyo ndiyo iliyokuwa katikati ya mambo siku aliyokufa Mzee Salvator, na wengi wenu mmeingia kazini baada yake, mnamjua kwa ile picha iliyo juu ya rafu ya mikro, vipaza sauti vyetu, tu. Kwa hiyo nitajibu, ila nitaanzia mbali kidogo.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Buyenzi, binti wa Kiislamu, na nilikuja kwenye karakana ya sono, ya vyombo vya sauti, kutafuta kazi ya kupokea simu. Simu yenyewe ilikuwa imekatwa. Mzee Salvator, aliyekuwa fundi mkuu, hakunieleza hilo, alinipa kebo ndefu ya mikro iliyojisokota sakafuni akaniambia, "Kunja." Nikakunja. Akaichukua, akaitazama, akaitupa chini ikafumuka yote. "Kunja tena." Hadi jioni nilikuwa na malengelenge vidoleni, nikarudi nyumbani kumwambia mama kwamba nimepata kazi kwa mwendawazimu. Mama akauliza kama mwendawazimu huyo analipa. Nikasema sijui. Kesho yake nikarudi.

Huyo ndiye alikuwa Mzee Salvator. Mrefu, mkavu, kofia moja maisha yake yote, na sauti nzuri ambayo aliitumia zaidi kutugombeza. Alikuwa na namna yake ya kukunja kebo: aliizungusha kwenye kiganja na kiwiko, miviringo midogo iliyobana, yote sawa, kisha akaifunga kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Rafu zake zilipendeza. Ukiacha kebo ikining'inia nyuma ya bafle, zile spika zetu kubwa, hata kama sauti ni safi kabisa, kwake ulikuwa hujafanya kazi. "Mutu akiona nyuzi zako, ameona chupi yako," alituambia. Sote tuliofunzwa naye tulikunja hivyo, na bado nawajua mafundi wa mji huu waliopita mikononi mwake kwa kuangalia kebo zao.

Pamoja naye nilizunguka mji mzima. Harusi, mikutano ya Kigobe ambako wakubwa wa serikali hupiga mikro kwa kidole wakati imeshawaka, mazishi, na makanisa, makanisa, makanisa. Mimi niliyekulia madrasa nimesikia mahubiri mengi kuliko mapadri wengine. Mzee alinifundisha kwamba kazi ngumu kuliko zote ni ya msiba. Kwenye harusi sauti ikikatika watu hucheka, wakaongeza vinywaji. Kwenye msiba mtu amesimama anamwaga kilio cha mwaka mzima, na ukimkata katikati, hawezi kukianza upya. Kwenye msiba, alisema, sauti haikatiki. Hilo alilishika kwa imani zaidi kuliko mambo mengi aliyoyasikia kanisani.

Sasa mtaa wa Kinama. Kulikuwa na kanisa huko, sitalitaja, lenye paa la bati na sakafu ya saruji, tulilolihudumia kwa miaka. Ampli, mashine ya kukuza sauti, ilikaa kwenye chumba kidogo cha pembeni, ikitumia umeme wa mji. Meza ya sauti, ile inayochanganya sauti za mikro, ilikuwa madhabahuni, ikitumia betri ya sola. Ampli ile ilikuwa inavuja umeme kwenye bodi lake la chuma. Niliifungua na kuirekebisha, joto na unyevu vikairudisha palepale. Na jengo lenyewe halikuwa na waya wa ardhini, ule unaochukua umeme uliopotea na kuuzamisha chini kabla haujampata mtu. Umeme uliovuja ulipita kwenye kebo ya shaba hadi kwenye meza, na kutoka kwenye meza hadi kwenye chuma cha mikro.

Espérance alikuwa mwimbaji kiongozi wa kwaya, msichana muuza nyanya mwenye sauti ya kukufanya usahau ulikuja kufanya nini. Siku moja ya mazoezi sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, naye amevua viatu kwa sababu ya joto. Alichukua mikro kabla hatujaijaribu. Nilimwona akinyamaza katikati ya neno, mdomo wazi, mkono umeganda. Hakupiga kelele. Mzee aliruka akang'oa waya wa ampli ukutani kwa nguvu hivi kwamba soketi ilitoka na plasta. Msichana akaanguka. Alipona, lakini kiganja chake kilibaki na kovu, na alikaa muda mrefu bila kuimba. Kila alipoonyeshwa mikro aliificha mikono ndani ya kitenge.

Tuliwaambia wakubwa wa kanisa: chimbeni waya wa ardhini, badilisheni ampli. Wakasema baada ya paa. Paa lilikuwa linavuja tangu nianze kazi, kwa hiyo nilielewa maana yake ni lini. Mzee hakulala vizuri kipindi kile. Alikuja karakana macho mekundu, akasema, "Hadija, siku ingine huyu mutoto atakufa mbele yangu, na mi ndiye nimeweka hiyo mikro." Ilinibidi nitafute njia ambayo ingegharimu kidogo kuliko paa.

Njia ilikuwa kebo ya mwanga. Mnazijua: sauti inageuzwa kuwa mwanga mwekundu, inapita ndani ya uzi, na upande wa pili kisanduku kinaugeuza tena kuwa sauti. Mwanga unapita, umeme haupiti. Ukiiweka kati ya ampli na meza, ampli inaweza kuvuja itakavyo, mikro haitajua. Kwenye kanisa lile kebo hiyo ilikuwa ukuta kati ya umeme na mkono wa Espérance, na ukuta huo ulipaswa kudumu. Ikifa, mtu atarudisha shaba.

Nilikwenda mjini kwenye duka la mzee mmoja wa Kiomani, wa familia iliyouza redio tangu enzi za redio za mbao. Alinitolea kebo zote mezani na kuanza na ile yenye vichwa vya dhahabu.

"Hii, Bi Hadija, itawafikia wajukuu."

"Dhahabu ya kazi gani, Mzee wangu? Humu hapiti umeme."

"Inapendeza."

"Itakaa nyuma ya ampli. Nani ataiona?"

"Mwenyezi Mungu anaiona," alisema, na akairudisha kwenye sanduku bila kukasirika.

Basi hili ndilo jibu la swali lenu, sehemu yake ya kwanza. Acheni dhahabu. Angalieni shingo, pale kebo inapoingia kwenye kichwa chake: pakiwa pamelegea, hapo ndipo itakapofia. Kichwa kiingie kwenye tundu kwa mlio, kisicheze ukikigusa. Ncha iwe laini kabisa na iwe na kofia yake, kwa sababu vumbi la mji huu linaingia hata kwenye mayai. Uzi wa kioo unafikisha mwanga mbali zaidi, ila ni mwepesi wa kuvunjika. Mahali ambapo watoto wa Jumapili watapita juu yake, chukueni wa plastiki. Ganda liwe nene, lenye kusukwa juu, panya wa Kinama wasipate raha. Na urefu uzidi kidogo ule mnaouhitaji, msije mkaivuta kama kamba ya mbuzi. Nilichukua moja ya namna hiyo, nyeusi, nene kama kidole changu kidogo. Niliwaomba wakubwa wa kanisa mbili. Wakalipia moja.

Nilipoifunga nilifurahi kweli, sitaficha. Ile sehemu iliyozidi niliiacha ining'inie kwenye kigingi cha mbao, miviringo mikubwa kama sahani ya pilau, kwa sababu kebo hizi hazipendi kuzungushwa kwa kubana. Ukiibana, mwanga unatokea pembeni badala ya kufika mwisho. Mzee Salvator alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Hayo matumbo utaacha hivyo?"

"Ndiyo, Mzee. Hii si shaba. Inataka nafasi."

"Kebo iko kebo, Hadija."

"Hii apana, Mzee. Niachie hii moja."

Aliguna. Nilijua guno lile. Halikuwa ndiyo wala hapana. Lakini Espérance alirudi. Mzee alishika mikro kwanza, akiwa peku juu ya saruji iliyomwagiwa maji, kwa makusudi, ili msichana aone. Kisha akampa. Aliimba akitetemeka, halafu akaimba bila kutetemeka, na Mzee alitoka nje akajifanya anapenga kamasi.

Miezi ikapita bila tatizo. Halafu ikaja Jumamosi ile.

Familia moja ya Kinama ilikuwa inamaliza msiba wa baba yao, ile siku tunayoiita levée de deuil: ibada, maneno ya watoto, maneno ya marafiki, kisha vinywaji, na watu wanarudi kwenye maisha yao. Mzee alikwenda peke yake, mimi nilikuwa na kazi kwenye ukumbi wa Kamenge. Alifika mapema kuandaa. Na kwa kuwa wangekuja wageni wa heshima kutoka Kigobe, alipanga chumba cha ampli. Ile miviringo yangu ya kigingini aliishusha, akaizungusha upya kwa kiganja, ndogo, sawa, nzuri, akaifunga kwa mpira wa tairi akaubana vizuri. Haya niliyajua baadaye kwa kuona kazi yake. Hakuna fundi mwingine aliyefunga fundo lile.

Asubuhi sauti ilikuwa sawa. Adhuhuri bati likapata moto, chumba kile kikawa tanuri, plastiki ikalegea na mpira ukazidi kuibana. Umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu asubuhi, wakawa wanatumia jenereta. Mtoto mkubwa wa marehemu alikuwa amesimama anazungumza juu ya baba yake, sauti ikaanza kukatika. Neno, kimya. Neno, kimya. Mzee akanipigia simu.

"Hadija, kebo yako imekufa. Mutoto wa marehemu ako mbele analia, na sauti hakuna."

"Mzee, nakuja. Usiweke shaba."

"Tuko ku groupe. Apana na hatari."

Jambo hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomdanganya. Jenereta ile ilisimama peke yake, haijaungana na ardhi, na umeme unaovuja kutoka kwenye ampli ulikosa njia ya kurudi kwake kupitia mwili wa mtu. Kwa jenereta angeweza kushika mikro ile siku nzima, na hatari ingeanza tu umeme wa mji ukirudi.

"Na umeme ukirudi, Mzee?"

"Mi najua. Nitaangalia."

"Mzee, nakuomba. Waambie waimbe bila mikro, nifike."

"Ku kilio sauti haikatike, Hadija," akasema, na simu ikakatwa.

Nilitoka mbio. Ndiyo ile miezi ya kukosa mafuta, magari yamepanga foleni kwenye vituo vikavu na mabasi hayaonekani. Hata baiskeli za kubeba watu zilikuwa zimechukuliwa zote. Nikaenda kwa miguu, viatu mkononi, kutoka Kamenge hadi Kinama, mwanamke wa umri wangu, nikigombana na simu isiyopokelewa.

Nilipokaribia nilisikia bafle zetu. Zilikuwa zinafanya kazi vizuri, na ilikuwa sauti ya Mzee mwenyewe: "Un, deux. Un, deux. Tunaomba musamaha, ndugu zetu. Sauti imerudi." Nzuri, tulivu. Na chini yake mngurumo mdogo, ule wa shaba, ambao kwa kebo ya mwanga haupo. Miaka yote aliyonifundisha kusikiliza, nilisikia kitu hicho kimoja tu. Nikaanza kupiga kelele njiani, "Toeni hiyo waya!" Nani angenisikia?

Mnajua mji wetu. Umeme ukirudi, mtaa mzima hupiga kelele ya furaha, watoto wanaruka, kama timu ya taifa imefunga goli. Siku ile ulirudi mimi nikiwa ng'ambo ya barabara tu. Nyumba zote zilipaza sauti, "Courant imerudi!" Na kanisani Gaspard, shemasi aliyetunza jenereta, akafanya jambo ambalo kila mmoja wetu angefanya kwenye mji usio na mafuta: alikimbia kwenye kigeuzio akahama toka jenereta kwenda umeme wa mji, asichome hata tone la mafuta. Hakuna aliyemwambia asifanye hivyo. Mzee alikuwa amesema ataangalia, lakini alikuwa mbele, jasho limemlowesha hadi viatuni, na mikro mkononi.

Espérance alinisimulia. Alikuwa amesimama karibu yake, amenyoosha mkono achukue mikro aimbe, naye Mzee akasema, "Ngoja, mutoto, nimalize kujaribu." Ndipo kelele za furaha zikaingia madirishani. Watu ndani ya kanisa nao walipiga makofi. Mzee alianguka watu wakipiga makofi.

Nilipoingia Espérance alikuwa ameshika kichwa chake mapajani. Mtu alikuwa amezima kila kitu isipokuwa meza ya sauti, kwa sababu inatumia betri na hawakujua inazimwaje. Tulimpeleka hospitali nyuma ya pikapu ya mtu mmoja mwema aliyetoa mafuta yake ya mwisho. Daktari alikuja, akamgusa, akavua miwani. Sikulia pale. Nililia baadaye, na bado nalia, na msiniulize kama nimepona.

Jioni ileile nilirudi kanisani kuchukua vifaa, maana nani mwingine angevichukua? Gaspard alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma. "Mi nimeua mutu," alinirudia. Nilikaa naye kidogo, nikamwambia si yeye, nikaingia chumba kile. Kebo ya shaba ilikuwa bado ampli hadi meza, imefichwa vizuri nyuma ya mbao, haionekani hata kidogo. Kebo yangu ilikuwa kigingini, imefungwa mpira, upande mmoja bado umeingia kwenye meza inayowaka na upande wa pili uko huru. Niliufungua mpira ili niibebe. Miviringo ikaachia, ikajipanua yenyewe, na ile ncha huru ikaanguka juu ya kitenge changu. Mwanga mwekundu ukatokea, mkali, wote.

Nilikaa sakafuni. Haikuwa imekufa. Haikuwa na mkwaruzo. Ilikuwa imebanwa tu.

Baada ya mazishi mke wake, Mama Dévote, aliniita chumbani. Alitaka jambo moja. Alikuwa amesikia watu wakisema mume wake alifanya uzembe, na wengine wakisema kebo ya Hadija ndiyo iliyomponza.

"Niambie ukweli," alisema. "Hiyo kebo ilikuwa imekufa? Alikuwa apana na lingine la kufanya?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni, na lingemsaidia alale usiku ule. Lakini nyuma ya mlango walikuwa wamesimama mafundi wote aliowafunza Mzee, na kila mmoja ana mpira wa tairi mfukoni.

"Ilikuwa nzima, Mama," nikasema. "Aliifunga sana."

"Aliifunga vizuri?" akauliza.

"Vizuri sana, Mama. Hakuna anayeweza kufunga vile."

Akaitikia kwa kichwa, akajifunika uso kwa kanga, na mimi nikatoka.

Sehemu ya pili ya jibu, basi. Chagueni shingo imara, ganda nene, uzi wa plastiki, na msikubali kulipiwa moja. Daini ya pili, muitundike pembeni ya ile ya kwanza. Iacheni ilegee, hata ikionekana ni aibu. Na anayetaka kuishika mwambieni inalinda nini na kwa nini haibanwi, mwambieni hata kama ni mwalimu wenu, hata akiguna, msiondoke mpaka aseme ndiyo.

Kuhusu kebo inayodumu: ile ya Kinama ndiyo hiyo. Niliirudisha mwenyewe kigingini. Wakubwa wa kanisa walichimba waya wa ardhini wiki ileile, paa likasubiri, na ampli wakaibadilisha. Kebo hawakuigusa, na haijawahi kukata neno tangu siku ile. Espérance anaimba kupitia humo kila Jumapili. Watu wanasema sauti yake imekuwa nzuri zaidi, na wananialika nikaisikie. Nafika hadi mlangoni, najaribu. Akianza kuimba, narudi nyumbani.